Mwizi Aliyefukia Mashimo

Mahema kumi na moja yalikuwa yameibwa katika ufuo wa Barrangool, na mwizi alikuwa amefukia mashimo.

Hilo la mashimo ndilo lililomfanya Inspekta Despina Karras avue miwani yake ya jua na kuchuchumaa. Hema la kivuli hushikiliwa kwa vigingi, na kigingi kikishang'olewa huacha tundu mchangani. Hapa hapakuwa na tundu hata moja. Mchanga ulikuwa umesawazishwa kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

"Mwizi gani huyu mwenye adabu?" aliuliza.

"Amelelewa na bibi, Afande," alijibu Konstebo Sione Tuifua.

Sione alikuwa Mtonga wa visiwani aliyejaza kila mlango alioupitia. Asubuhi hiyo alikuwa amejipaka krimu ya jua puani akasahau kuisambaza, kwa hiyo alikuwa anafanya kazi ya serikali akiwa na pua nyeupe pe. Watoto walimfuata nyuma wakicheka. Yeye alidhani wanampenda, na kwa kweli walikuwa wanampenda.

Ilikuwa Januari. Shule zilikuwa zimefungwa, jua limewaka, na nusu ya Sydney ilikuwa imehamia ufuoni pamoja na ndoo zake za plastiki. Na kama kila Januari, akina baba walikuwa na mchezo wao. Kabla hakujapambazuka vizuri, baba huteremka na kaptula ya kulalia, husimamisha hema mahali pazuri karibu na maji, kisha hurudi kitandani. Familia hushuka saa nne ikiwa imeshiba mayai na kukuta kivuli chake kinaisubiri. Muda wote huo hema huwa linalinda mchanga likiwa tupu. Anayefika mapema na watoto bila hema atajitafutia mahali kule nyuma, penye miba na nzi.

Despina aliuchukia mtindo huo kwa moyo wake wote, na alikuwa ameufanya mara mbili.

Leo akina baba walikuwa wameshuka wakakuta mchanga mweupe. Si ufuo mzima. Ng'ambo ya miamba mahema yalisimama vilevile, hakuna aliyeyagusa. Yaliyotoweka ni yale tu yaliyojipanga mbele ya Kidimbwi, pale ambapo miamba huzuia mawimbi na maji humfika mtoto kiunoni.

"Andika hilo," Despina alimwambia Sione. "Hakubeba yote. Alichagua."

"Nataka mtu akamatwe leo hii!" ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa Damon Pruitt, fundi umeme kutoka Sydney, shingo yake nyekundu kwa jua na kwa hasira pia. Nyuma yake alisimama mkewe, Shalini, na begani mwa Shalini alikuwapo Ned, mwenye umri wa miaka miwili, ambaye alikuwa analia kama mtu aliyefiwa.

"Tutalitafuta hema lako, kaka," alisema Despina.

"Hema lipotelee mbali!" alisema Damon. "Nataka Mikono."

"Mikono gani?"

"Mikono ni pweza," alisema Shalini.

Sione aliinua kalamu. "Pweza, mama?"

"Wa kufumwa kwa uzi. Zambarau. Ana mikono saba. Ule wa nane uliliwa na mbwa wa jirani."

Konstebo aliandika bila kutabasamu, jambo ambalo Despina alilihesabu kuwa ushujaa.

"Alifikaje ndani ya hema?"

"Ned aliamka alfajiri, nikamchukua nije naye kusimamisha hema ili mama yake alale kidogo," alisema Damon, na sauti yake ikashuka. "Akamlaza Mikono ndani, akamfunika taulo. Akamwambia, 'Lala, Mikono, tunakuja.' Nikaona ni jambo la kupendeza. Nikapiga na picha."

Shalini alimhamisha mtoto bega la pili. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mwanawe. "Inspekta, Ned alizaliwa kabla ya wakati. Alikuwa mdogo kama mkate. Nesi wa wodi alimfumia pweza akamwekea kwenye kile kisanduku chao cha joto, ashike mikono yake badala ya kung'oa mipira ya hewa. Amemshika tangu siku hiyo. Bila yeye halali, hali, hanyamazi. Siwezi kumnunulia mwingine, maana anamjua kwa harufu. Hii ni likizo yetu ya kwanza tangu tumpate. Mikono asipopatikana hadi jioni, tunafunga mizigo tunarudi nyumbani."

"Mikono!" alilia Ned.

Despina alikuwa na wawili nyumbani, na wa pili alikuwa na kipande cha blanketi kilichonuka maziwa ambacho hakuna aliyethubutu kukifua. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Atapatikana kabla ya jioni," alisema. Alijua kwamba afisa wa polisi hatakiwi kuahidi hivyo, na aliahidi hivyohivyo.

Haikupita hata nusu saa, Sione akapiga kelele kutoka nyuma ya banda la mitumbwi. Mahema yote kumi na moja yalikuwa hapo. Hayakuwa yametupwa. Yalikuwa yamepangwa ukutani kivulini, kila moja ndani ya mfuko wake, kamba imefungwa, vigingi vimefutwa mchanga. Juu ya kila mfuko viliwekwa vitu vilivyokutwa ndani: taulo, koleo la plastiki, kandambili za mtoto.

Akina baba walishangilia, wakachukua mali zao, na kabla ya saa sita walikuwa wamekwisha kuyasimamisha tena palepale mbele ya Kidimbwi. Juu ya mfuko wa akina Pruitt palikuwa na taulo lililokunjwa vizuri, na hakuna kingine.

"Afande, tufunge faili?" Sione aliuliza. "Mali imepatikana."

"Haijapatikana yote."

"Tupime alama za vidole?"

Despina aliugeuza mfuko mmoja. Ulikuwa na alama za vidole za ukoo mzima, wakubwa kwa wadogo, zote zimegandamana kwenye krimu ya jua. Aliuweka chini. Halafu akautazama tena, na safari hii aliutazama muda mrefu.

"Sione. Haya ni yale mahema ya kufyatuka, siyo? Unalirusha juu linafunguka lenyewe?"

"Ndiyo, Afande."

"Umewahi kulirudisha moja kwenye mfuko wake?"

Sione alifikiri. Uso wake ukabadilika. "La kwetu shemeji yangu alilikalia, kaka akavuta zipu, likafyatuka likamvunja miwani. Tukaliacha sebuleni. Paka ndiye anayelala humo sasa."

"La kwangu limo nyuma ya gari, liko wazi tangu Krismasi ya mwaka juzi. Sijawahi kumwona mtu aliyeweza."

"Na huyu amekunja kumi na moja."

"Alfajiri, kukiwa hakujakucha sawasawa, bila kupasua hata moja," alisema Despina. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alifurahi. "Hatutafuti alama za vidole, bwana. Tunatafuta fundi."

Aliazima hema la akina Pruitt, akalirusha juu likafunguka, kisha akaagiza waletwe watu wawili waliokuwa ufuoni alfajiri na waliojulikana kuyachukia mahema. Habari ilienea. Alipoanza kuhoji, watoto walikuwa wamekaa mchangani nusu duara, wengine na soseji zao mkononi, na shakwe wamekaa nyuma ya watoto wakizisubiri soseji.

Wa kwanza alikuwa nahodha wa waokoaji.

"Jina lako?"

"Despina, tumesoma chekechea pamoja."

"Jina."

"Craig Dunstall."

"Wiki iliyopita ulisema nini juu ya mahema kwenye mkutano wa wakazi?"

"Kwamba yananizibia maji. Sioni watoto wanaoogelea."

"Ukaongeza nini?"

Craig alijikuna kisogo. "Kwamba siku moja nitayatupa yote baharini."

"Kwa sauti ya chini?"

"Kwa kipaza sauti."

"Leo alfajiri ulikuwa wapi?"

"Napanda bendera. Ng'ambo ya miamba. Huku sikufika."

"Uliona nani?"

"Hakuna mtu. Baba mmoja na kaptula iliyogeuzwa. Robyn anafungua kibanda. Na Mzee Clem anaokota takataka, lakini huyo yupo kila siku."

"Kunja hema hilo."

"Nini?"

"Likunje ulirudishe mfukoni. Hiyo ni amri ya polisi."

Craig Dunstall alikuwa ameokoa watu wengi kuliko alivyoweza kukumbuka, na aliwahi kupigana na papa mdogo kwa kasia. Alilishika hema pande mbili, akalikanyaga, akalipinda. Hema lilikubali kidogo, likamngoja ajisahau, kisha likafyatuka likamtwanga kidevuni na kofia yake ikaruka. Watoto walipiga mayowe ya furaha. Alijaribu tena, likamlaza chali.

"Inatosha," alisema Despina. "Huna hatia. Nenda kapake barafu."

Wa pili alikuwa Robyn Tranter, aliyekodisha miavuli na viti. Tangu mahema yaingie mjini, biashara yake ilikuwa imelala doro.

"Ningekuwa mimi niliyeyaiba, ningeyachanachana kwa kisu," alisema hata kabla hajaulizwa. "Kuyakunja? Kwani mimi mama yao?"

"Jaribu hata hivyo."

Robyn alijaribu. Alipomaliza, hema lilikuwa limemvaa shingoni na mkono wake mmoja ulikuwa umetokeza dirishani. Ilibidi Sione amtoe, na yeye naye akanaswa mguu. Watoto walikuwa wanagaagaa mchangani kwa kicheko. Tilly, dada yake Ned, mwenye miaka mitano, alicheka mpaka soseji ikamwanguka, na shakwe akaondoka nayo.

Ned peke yake hakucheka. Alikuwa amechoka kulia kwa sauti, sasa analia polepole, vidole vyake vikifumba na kufumbua hewani bila kitu cha kushika. Despina alivitazama vile vidole akaona kwamba jua limeanza kupinda upande wa magharibi, na yeye hana mshukiwa wa tatu.

"Ngoja nijaribu mwenyewe," alisema, kwa kukosa la kufanya.

Alijaribu kwa juhudi zake zote, na hiyo ndiyo iliyokuwa aibu yake. Alipinda huku kukafunguka kule. Akapinda kule, huku kukamchapa. Nywele zilimtoka kwenye kibanio. Mtu mmoja katika umati alikuwa anafyonza kwa ndani kila alipokosea, kama mtu anayeangalia gari zuri likiendeshwa vibaya.

"Sivyo, mwanangu. Sivyo kabisa. Lete hapa utalivunja mbavu."

Alikuwa Mzee Clem Hallett. Alitua ndoo yake na koleo lake la kuokotea takataka, akalichukua hema. Hakulilazimisha. Alilisimamisha, akaunganisha pembe, akalibana chini ya kwapa, akalizungusha mara moja kwa kifundo cha mkono, na lile zimwi likajikunja lenyewe pete tatu likawa dogo kama sinia. Akalitia mfukoni, akafunga kamba.

Halafu watoto wakapiga makofi.

Despina hakupiga makofi. Alikuwa amemjua Clem maisha yake yote.

"Umejifunza wapi, mzee?" aliuliza kwa upole.

"Wajukuu sita, na mabinti zangu wameolewa na wanaume wa ofisini. Nani mwingine angeyakunja?"

"Na vigingi unavifuta mchanga?"

"Visipofutwa vitashika kutu."

"Na mashimo unayafukia?"

"Lazima! Mtoto akikimbia akakanyaga tundu atateguka…"

Aliishia hapo. Alimtazama Despina, akawatazama wale watoto, kisha akavua kofia yake ya majani na kuishika kifuani.

"Mzee Clem," alisema Despina. "Ni wewe."

"Ni mimi."

Umati uliguna. Afadhali wangeambiwa kwamba ni kasisi. Sione aliacha kuandika. Damon Pruitt alijipenyeza mbele, shingo imevimba.

"Yuko wapi? Umempeleka wapi pweza wa mwanangu?"

Mzee alimgeukia Ned. "Wa mtoto huyu? Nilimkuta ndani ya taulo. Wallahi nilikuwa nimrudishe. Nilimchukua kidogo tu, mara moja, nikadhani nitakuwa nimeshuka naye kabla hamjaamka. Halafu ikashindikana."

"Ikashindikana vipi?" aliuliza Despina. "Uliiba kwa nini, mzee? Umekosana na nani?"

"Sijakosana na mtu. Nikamate tu, mwanangu. Mimi ndiye niliyefanya, yaishe."

"Pweza yuko wapi?"

Macho ya mzee yaliinuka juu ya vichwa vya watu na kushuka tena haraka. Despina aligeuka kufuata yalikotazama. Nyuma ya vilima vya mchanga, palipoinuka kidogo, ilikaa nyumba ya kutunzia wazee na safu yake ya madirisha. Alilitazama dirisha la katikati, akayatazama mahema yaliyosimama upya, akatazama Kidimbwi. Vyote vitatu vilikuwa kwenye mstari mmoja.

Ndipo alipoelewa kwa nini mwizi alichagua, na akaona haya. Alikuwa amesahau kabisa nani anakaa kule.

"Mwalimu Wyn," alisema.

"Ndiyo," alisema Clem.

Walipanda wote: mzee mbele, Despina na Sione, Damon, na Shalini akiwa amembeba Ned na kumshika Tilly mkono. Njia nzima Ned alirudia neno lake lilelile.

Wyn Hallett, mke wa Clem, alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, mwembamba, mgongo wima, nywele nyeupe zimekatwa fupi kama za mwogeleaji. Kwa miaka mingi alifundisha watoto wa Barrangool kuogelea pale kwenye Kidimbwi. Despina mwenyewe alijifunza kwake, midomo ya buluu kwa baridi, akisikia sauti ile ikiwahesabu kila wanapoibuka: mmoja, wawili, watatu. Wyn alikuwa hajapoteza mtoto hata mmoja. Sasa alikuwa amewapoteza wote, na jina la mji, na majina ya mabinti zake.

Mapajani mwake, ameshikwa kwa mikono miwili, alikuwapo pweza wa zambarau.

"Mikono!" alisema Ned, na kilio kikakatika kama bomba lililofungwa.

Damon alipiga hatua. Clem alimwekea mkono kifuani, si kwa nguvu.

"Nisikilize kwanza, baba. Dakika moja tu, halafu nipeleke mahakamani. Asubuhi ndizo saa zake nzuri. Nilikuwa namkalisha hapa anawaangalia watoto kwenye maji, anawahesabu. Siku nzima haongei, lakini hapo anaongea. Halafu yakaja mahema. Alfajiri yanasimama, na watoto hakuna, watakuja saa nne. Wa hapa mjini hawana pa kukaa, hawaji tena. Na hata wakija, yeye hapa alipokaa haoni maji, anaona mapaa. Unajua anafikiri nini?"

Alishusha mkono kutoka kifuani kwa Damon.

"Anafikiri wamezama. Alikuwa nao, ameangalia pembeni kidogo, hawapo. Kila asubuhi ananiuliza, 'Watoto wako wapi? Nimewapoteza watoto wa watu.' Namwambia wapo, wamelala, wanakula mayai. Baada ya kidogo amesahau nilichomwambia. Mimi amenisahau. Hofu ndiyo ambayo haimtoki."

"Ungetuomba, mzee," alisema Sione.

"Niliomba. Nilikuja kwa huyu na yule, kofia mkononi. Wakacheka. Wakaniambia, 'Babu, wahi mapema nawe upate nafasi.'" Alijifuta pua. "Basi nikawahi mapema."

Despina aliona masikio ya Damon yakiwaka. Hakuuliza kama yeye alikuwa mmoja wa waliocheka, maana jibu lilikuwa usoni kwake.

"Na leo?" aliuliza.

"Leo watoto wa mjini waliona pako wazi, wakashuka na ndoo zao kabla ya chai. Aliwahesabu mpaka sauti ikamkauka! Lakini kabla yao, nilipopanda na huyu pweza mkononi ili nimchekeshe, alimnyakua. Akamkumbatia. Akaniambia, 'Huyu mmoja nimempata.'" Mzee alimtazama Shalini. "Nimejaribu kumchukua tangu asubuhi, mama. Nikimgusa anapiga kelele. Siwezi kumnyang'anya mtoto aliyemwokoa. Sikuweza, nisamehe."

Sasa chumba kilikuwa na watu wawili waliomhitaji pweza mmoja. Despina alikuwa ametatua kesi, na hakujua la kufanya baada ya hapo. Sheria ilisema mali irudi kwa mwenyewe. Sheria haikusema nani aende akaifumbue ile mikono.

Ned ndiye aliyekwenda. Alijisukuma kutoka begani kwa mama yake, akashuka, akavuka chumba kwa miguu yake mifupi yenye mchanga. Damon alifumba macho akingojea mayowe.

Ned hakuvuta. Alishika mkono mmoja wa pweza, ule wa pembeni uliochakaa kuliko yote, akauweka shavuni, akavuta harufu. Kisha akainua mguu, kama anavyofanya mtoto anapotaka kupanda popote, na Wyn, bila kufikiri, akampakata.

Vidole vyake vya kizee vilipita kwenye nywele za mtoto, nyuma ya masikio, ndani ya kola.

"Huyu ni mkavu," alisema. "Hujaingia majini?"

"Bado," alisema Ned.

"Vizuri. Hatuingii bila mwalimu." Alimtazama pweza, akamtazama mtoto. Halafu akaulegeza mkono wake mmoja, na wa pili, na kumsukumia Ned pweza kifuani. "Mshike mdogo wako. Usimwachie kwenye maji."

"Sawa," alisema Ned, na akamshika.

Shalini alikaa kitandani akalia na kucheka pamoja. Sione aligeukia ukuta kuchunguza picha iliyoning'inia hapo, na aliichunguza kwa muda mrefu, ingawa ilikuwa picha ya bata tu.

"Bwana Pruitt," alisema Despina, "wewe ndiye mlalamikaji. Unataka kufungua mashtaka?"

"Mashtaka gani?" alisema Damon. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Wyn, ameinama mpaka kichwa chake kikawa sawa na chake, anatazama nje. Alichokiona kilikuwa mapaa tu, ya buluu, ya machungwa, na pengo moja lilipokuwa hema lake. "Tilly, twende. Wewe unajua kupiga kelele, na mimi nina kazi ya kuomba watu."

Waliobaki dirishani waliwaona wakitokea chini mchangani. Damon alikwenda hema hadi hema, akinyoosha mkono kuelekea dirishani, akijipiga kifua, na alipokuwa anaongea watu waligeuka kutazama juu. Baba mmoja alibishana. Mkewe alimsukuma kando akachomoa vigingi mwenyewe. Hema la kwanza likaburutwa kurudi nyuma likiwa wazi vilevile, kisha la pili, na baada ya hapo hapakuwa na haja ya kuomba. Kidimbwi kikaonekana kinametameta. Tilly alikimbia akajitupa ndani, na nyuma yake likaingia kundi zima la watoto wenye pua nyeupe.

Wyn alisogea mbele kwenye kiti. Kidole chake kiligusa kioo.

"Mmoja," alisema. "Wawili. Watatu."

Ned aliinua mkono wa pweza akaugonga kiooni naye. "Nne," alisema, ijapokuwa hakujua hesabu.

"Nne," alikubali Wyn. "Watano. Huyo wa kofia nyekundu arudi karibu. Sita." Aliendelea mpaka wa mwisho, akatulia, akawahesabu tena, na walikuwa wametimia. Ndipo alipogeuka na kumwona mzee aliyesimama kando ya pazia, kofia kifuani, machozi yakimtiririka bila kufichwa.

Alimtazama kwa ukali wa mwalimu.

"Clem," alisema, "mbona unalia mbele ya mtoto?"

Hakuwa amelitaja jina hilo tangu majira ya baridi. Mzee aliibana kofia kifuani.

"Mchanga, mke wangu," alisema. "Umeniingia machoni."

Ned alimwangalia, akafikiri kidogo, kisha akamnyooshea mkono mmoja wa pweza ajifutie.